Fulana nyeusi za Owino na kelele tusizozielewa

Ozzy Osbourne, mwimbaji Mwingereza wa hevi metali, ile roki nzito ya magitaa makali, alifariki tarehe 22 Julai 2025, siku 17 baada ya kuimba na wenzake wa bendi ya Black Sabbath kwa mara ya mwisho, akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi katika uwanja wa Villa Park mjini Birmingham. Msiba huo haukunihusu hapa Kampala mpaka mpwa wangu wa miaka 19 alipoweka picha ya marehemu kwenye WhatsApp yake. Kabla jua halijazama, kundi la ukoo lilikuwa linawaka. Shangazi yake mmoja aliandika aya tatu za kukemea mapepo. Baba yake mdogo, ambaye hata kanisani haendi, akasema tatizo si mapepo, ni uzungu: mtoto wa Tororo anamlilia vipi mzee wa Birmingham? Mimi nilinyamaza siku ile, na nimekuwa nikijutia ukimya wangu, kwa sababu mabishano yale yale nimeyasikia tena mara kadhaa, kwenye teksi, kwenye mahubiri na kwenye vikao vya wazazi, kila anapoonekana kijana mwenye nywele ndefu na fulana ya fuvu la kichwa.

Wanaomwona Shetani na wanaoona utumwa wa kuiga wamebisha hodi nyumba siyo. Kijana wa Uganda anayependa hevi metali anachokipenda kwanza ni sauti inayotengenezwa mbele ya macho yake, na watu, kwa vyombo, kwa jasho, katikati ya wenzake. Mashairi huyajali baadaye, na wengine hawayasikii kabisa, maana mwimbaji ananguruma. Kwa hiyo swali linalotuhusu ni hili: ataisikia wapi sauti hiyo? Ukilifuata swali hilo utafika kwenye leseni, polisi, umeme na kumbi, mambo yanayomgusa hata mpiga kadongo kamu, muziki wa Kiganda wa gitaa moja, ambaye hajawahi kumsikia huyo Ozzy.

Turudi nyuma kidogo, kwa kuwa asili ya muziki huu inaeleza mengi. Black Sabbath walikuwa vijana wa mitaa ya wafanyakazi. Ozzy aliwahi kufanya kazi machinjioni. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine katika kiwanda cha mabati, akajitengenezea vifuniko vya plastiki vya kuvaa vidoleni ili aendelee kupiga, na baadaye akalegeza nyuzi zisimuumize. Nyuzi zikilegea sauti inashuka, inakuwa nzito. Albamu yao ya kwanza ilitoka Februari 1970, na watu wengi huhesabu historia ya hevi metali kuanzia hapo. Sasa pita Katwe saa nne asubuhi, pale wanapochomelea mageti na kugonga mabati ya masanduku ya shule. Sikiliza nyundo tano zisizopatana zinavyoanza kupatana. Sijui kama Iommi angeshangaa akisimama pale. Mpwa wangu hakushangaa, amekulia mita mia mbili kutoka kwenye nyundo hizo.

Fulana nazo zina historia yake, tena ya kuchekesha. Sehemu kubwa ya fulana za bendi kama Iron Maiden, Metallica na Slayer zinazotembea Kampala hazikuletwa na shabiki yeyote. Zilikuja ndani ya marobota ya mivumba, yaani nguo kuukuu, na kumwagwa soko la Owino. Mtu aliyeichoka huko Ulaya au Marekani aliitupa kwenye kapu la hisani, na leo inavaliwa na dereva wa boda boda, mchuuzi wa nyanya, au fundi mwashi aliyeichagua kwa kuwa ni nyeusi na haionyeshi vumbi. Mnamo Agosti 2023 Rais Museveni alitangaza kupiga marufuku mivumba, akisema ni nguo za Wazungu waliokwishakufa. Marobota yakaendelea kuja. Ninachotaka uone ni hiki: fuvu hilo hilo, mgongoni mwa mwashi, halimtishi mchungaji yeyote. Abiria hupanda boda boda akiwa amekumbatia zimwi la Iron Maiden kuanzia Wandegeya hadi Ntinda, na anashuka salama na imani yake. Fulana inaanza kuogofya siku inapovaliwa na mtu anayejua imeandikwa nini. Ni ajabu kidogo kwamba tunamwogopa aliyesoma zaidi ya asiyesoma.

Lakini nisiwadharau wanaomtaja Shetani, kwa sababu hoja yao ina jambo la kweli ndani yake ambalo mashabiki hupenda kuliruka. Huko Norwei, mwanzoni mwa miaka ya 1990, vijana wa tawi moja la muziki huu walichoma makanisa kwelikweli. Kanisa la mbao la Fantoft, lililojengwa karne nyingi zilizopita, liliteketea Juni 1992, na mmoja wa wanamuziki hao alihukumiwa mwaka 1994 kwa kuua na kuchoma makanisa. Mama anayesoma habari hiyo kwenye simu yake na kisha akasikia mngurumo chumbani kwa mwanawe ana haki ya kuuliza. Jibu la kwamba haya ni mapambo ya jukwaani tu halitoshi.

Jibu linalotosha ni la kuangalia waliosikiliza wote, si wachache waliochoma. Muziki huu una miaka zaidi ya 50 na umati wa mashabiki katika kila bara, na vituko vya Norwei vinakumbukwa hadi leo kwa sababu vilikuwa vya pekee. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia, Leah Sharman na Genevieve Dingle, walichapisha mwaka 2015 utafiti wao juu ya wasikilizaji 39 wa muziki mkali, wa umri wa miaka 18 hadi 34. Waliwachokoza kwanza mpaka wakakasirika, kisha wakawaacha baadhi wasikilize nyimbo walizozipenda. Hasira haikupanda, na wasikilizaji walisema walitoka na moyo mzuri zaidi. Watu 39 ni wachache, sitajenga nyumba juu yao. Lakini wanaosema muziki huu unapandisha wazimu hawana hata hao 39.

Tena kuna jambo ambalo walokole wetu hawalisemi sana. Wapiga gitaa la umeme na wapiga ngoma za seti wa mji huu walijifunzia wapi? Waulize. Wengi watakutajia kanisa. Huko ndiko kwenye spika kubwa, maikrofoni zinazofanya kazi, mtu wa kuchanganya sauti na mazoezi kila Alhamisi jioni. Ibada ya Jumapili katika makanisa makubwa ya Kipentekoste ya Kampala, kwa mtu aliyefumba macho, ni tamasha la roki: ngoma zinapigwa kwa nguvu, gitaa limekolezwa mpaka linakwaruza, taa zinazunguka, watu wamenyanyua mikono na machozi yanawatoka. Silisemi hilo kwa kejeli, mimi mwenyewe nimelia humo. Nalisema kwa sababu shangazi mtu, aliyekemea mapepo kwenye kundi la ukoo, ndiye aliyemnunulia mpwa wangu gitaa lake la kwanza ili apige kwenye kwaya ya vijana.

Hoja ya uzungu ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayosemwa kwa sauti ya juu zaidi na watu waliosoma. Inasahau kwamba gitaa lenyewe lilikuja, tukalizoea, tukalitungia kadongo kamu, mtu na gitaa lake moja akisimulia ndoa, deni na msiba kwa Kiganda, na leo hakuna anayeliita la Kizungu. Inasahau Zambia ya miaka ya 1970, ambako bendi kama WITCH na Amanaz zilipiga roki ya magitaa makali mpaka dunia ikaipa jina lake, Zamrock. Inasahau Botswana, ambako mashabiki wa metali hujitokeza na mavazi ya ngozi nyeusi, misumari na kofia za wachunga ng'ombe, wala hawamwombi mtu ruhusa. Inasahau Togo, ambako Arka'n Asrafokor wanachanganya metali na midundo ya Kiewe. Na hapa kwetu inasahau Vale of Amonition, bendi iliyoanza Kampala mwaka 2009 ikipiga aina ya polepole na nzito kuliko zote, wakati huyo mpwa wangu hajui hata kufunga kamba za viatu.

Kuna mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2020 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi, Martin Kanja na Sam Karugu, waliokuja kuirekodi hapa. Kwa Kikikuyu duma ni giza, na kwa Kiswahili sote tunamjua duma, mnyama mwenye mbio. Albamu ina vyote viwili. Kanja, ajiitaye Lord Spikeheart, alitoa mwaka 2024 albamu nyingine aliyoitunuku kwa mama mkuu wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyefikia cheo cha Field Marshal na kufariki mwaka 2023. Huyo ndiye mwiga Wazungu? Kijana anayetumia ukali wa gitaa kumwimbia bibi aliyekaa msituni kuwapiga Waingereza? Mtu akiniambia ameusikia muziki huo na hakuupenda, nitamwelewa, hata mimi dakika ya kumi ilinishinda. Ila asiniambie si wetu.

Na sisi tunaozungumza Kiswahili Uganda ndio tungekuwa wa mwisho kukihukumu kitu kwa mlio wake. Waliokulia kwenye kambi za polisi kama Nsambya, au Busia na Malaba, au Arua, wanajua maana yake kuzungumza Kiswahili ndani ya teksi na watu wakashika mikoba yao. Kwa miaka mingi katikati ya nchi hii lugha yetu ilisikika kama amri ya askari kwenye kizuizi au tishio la kondo, jambazi mwenye silaha, usiku. Bibi yangu, aliyekuwa anamnyamazisha mtoto kwa Kiswahili hicho hicho, alikuwa hashuki sokoni mpaka abadilishe ulimi. Kisha marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Hakuna sauti hata moja ya lugha iliyolainishwa katikati ya hapo. Wale waliokuwa wakishika mikoba ndio leo wanamtafutia mtoto mwalimu wa Kiswahili.

Nirudi kwenye jukwaa, maana ndilo ninalolijali. Mwaka jana mpwa wangu alipanda basi la usiku kwenda Nairobi kuona bendi tatu za roki. Usiku mzima barabarani, foleni ya uhamiaji mpakani alfajiri, tamasha jioni, na usiku mwingine wa kurudi. Nilimuuliza kulikoni, wakati nyimbo zote anazo kwenye simu. "Mjomba," akasema, "kwenye simu nasikia gitaa. Kule nilisikia hewa ikisogea." Akanieleza jinsi ngoma kubwa inavyopiga kifuani kabla masikio hayajapata habari, na jinsi mpiga gitaa alivyokatikiwa na uzi katikati ya wimbo, akageuka, akaazimwa gitaa na mwenzake wa bendi iliyotangulia, watu wakishangilia kuliko walivyoshangilia wimbo wenyewe. Kwenye plebaki, muziki uliokwisha kurekodiwa, uzi haukatiki. Ndiyo sababu plebaki haikumbukwi.

Maonyesho mengi tunayolipia kiingilio Kampala ni msanii na CD. Anafungua mdomo, wimbo unajiimba, yeye anarukaruka na kuwaambia watu wanyanyue mikono. Sisemi hakuna wapigao kwa mikono yao. Afrigo wamekuwa jukwaani tangu 1975 na wanastahili heshima zaidi ya wanayopewa, na zipo bendi za hoteli zenye wapigaji ambao ungewapeleka popote duniani. Lakini bustani za hoteli zina bei yake, na kijana wa miaka 19 anabaki nje ya ukuta akisikiliza besi. Kwa hiyo anapokutana na muziki ambao sharti lake la kwanza ni kwamba lazima mtu apige kweli, mbele yako, na akikosea usikie amekosea, anaupenda kwa njaa ya kitu anachokikosa. Wengine njaa hiyo hiyo imewapeleka kwenye kwaya, wengine kwenye ngoma za asili za kundi la Ndere.

Kuna hoja moja ya upinzani ninayoiheshimu kuliko nyingine, nayo ni ya usalama. Wazazi wameona video za duara lile ambamo vijana wanasukumana na kugongana mbele ya jukwaa, wakadhani ni ugomvi. Wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cornell walizichunguza video za namna hiyo na kuchapisha mwaka 2013 kwamba watu ndani ya duara husogea kama chembe za gesi, huku na huko bila mpango, na pengine duara zima huanza kuzunguka kama kimbunga. Walichokiona mpwa wangu na wenzake ni jambo ambalo vipimo havilioni: akianguka mtu, mikono minne inamnyanyua kabla hajagusa sakafu. Ila nisiremeshe. Tarehe 30 Juni 2000, kwenye tamasha la Roskilde huko Denmaki, watu 9 walikufa kwa kubanwa mbele ya jukwaa wakati Pearl Jam wakipiga. Umati unaua.

Lakini unaua vipi? Usiku wa kuamkia mwaka 2023, watu wasiopungua 9, wengi wao watoto na vijana, walikufa kwenye jengo la Freedom City, barabara ya Entebbe. Hapakuwa na gitaa la kunguruma wala fulana ya fuvu. Watu walialikwa watoke kutazama fataki, wakaelekea kwenye njia nyembamba kwa wakati mmoja. Kilichoua ni upana wa njia na idadi ya watu, na hivyo vinapimwa kwa futi na kwa kuhesabu. Afisa anayeuliza muziki ni wa aina gani kabla ya kuuliza milango iko mingapi hajamlinda mtu yeyote.

Na hapo ndipo penye donda. Serikali ya nchi hii imeogopa mkusanyiko kwa muda mrefu, na muziki ukiwa ndani yake hofu inazidi. Matamasha ya Bobi Wine, mwanamuziki aliyegeuka mwanasiasa wa upinzani, yalizuiwa mara kwa mara, na Jumatatu ya Pasaka mwaka 2019 polisi walilizuia onyesho lake la Busabala. Wakati wa korona burudani za usiku zilifungwa tangu Machi 2020 mpaka 24 Januari 2022, karibu miaka miwili, muda wa kutosha wapigaji kuuza vyombo vyao, na wengi waliviuza. Tamasha la Nyege Nyege, ambalo jina lake kwa Kiganda ni hamu ya kucheza isiyozuilika na kwa Kiswahili, naam, wasomaji wangu mnajua, lilipigwa marufuku na waziri wa maadili mwaka 2018 kisha likaruhusiwa, likakataliwa tena bungeni mwaka 2022 kisha Waziri Mkuu akaliruhusu kwa masharti. Nyege Nyege lina wageni wa ng'ambo na pesa za kitalii za kuliombea. Vijana sita wenye magitaa ya kuazima hawana wa kuwaombea. Wenzake mpwa wangu walijaribu kukodi baa moja, jina nitalihifadhi. Wakalipa malipo ya awali, wakatafuta kibali, na siku ya siku mwenye baa akawaambia majirani wamelalamika kuhusu mashetani, pesa hazirudi. Wiki hiyo hiyo baa hiyo ilipiga muziki mpaka saa kumi alfajiri kama kawaida yake.

Kelele zina kanuni zake tangu mwaka 2003, na ningefurahi zikitumika kwa baa, kanisa na bendi kwa kipimo kimoja. Kibali kingeweza kufuata ukubwa wa mahali: watu 80 kwenye ukumbi wenye milango miwili wasitakiwe kupitia ofisi zile zile kama watu 20,000 wa Lugogo. Hilo lingewasaidia wapiga metali kidogo tu, kwa kuwa ni wachache na watabaki wachache. Lingewasaidia zaidi mcheza adungu wa Nebbi, kundi la tamthilia la Mbale, na binti wa Kasese anayetunga nyimbo zake asipate pa kuzijaribu. Jukwaa dogo likifungwa kwa kumwogopa mmoja, hao wote wanalala nje pamoja naye, na miaka kumi baadaye tunakaa tunalalamika kwamba wasanii wetu hawajui kupiga bila CD.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mzee wa kanisa la mtaani kwetu, yule ambaye mahubiri yake juu ya fulana nyeusi nimeyasikia mara mbili. Ukumbi wa vijana una seti ya ngoma iliyofunikwa kitambaa cha zambarau kuanzia Jumatatu hadi Jumatano, spika nne, na jenereta kwa siku umeme unapokatika. Nilimwomba Jumanne moja, saa kumi na moja hadi saa moja usiku, kwa mazoezi. Nilikuwa nimejiandaa kujibu habari za Norwei, za mashairi, za nywele. Akachungulia dirishani, akakuna kidevu. "Wako wangapi?" Sita, nikamwambia. "Na mafuta ya jenereta nani atanunua?"

Nimenunua lita tano.